Nguzo Hufia Usawa wa Udongo

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimenunua nusu ekari kule Bahati, kaunti ya Nakuru, fiti 100 kwa 200, na shamba linateremka kidogo kuelekea nyuma. Sitaki ukuta wala mabati. Nimeona kwenye picha za mashamba ya Marekani uzio wa magogo yaliyopasuliwa, nguzo zimetobolewa na fito zimepenyezwa bila msumari hata mmoja, nami nimeupenda. Nina kondoo wachache na kuku. Fundi mmoja ameniambia nitumie mkaratusi na nimwage zege kila shimo. Jirani anasema nisisumbuke, mchwa watamaliza kila kitu kwa miaka miwili. Nimsikilize nani, na nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, jirani yako amesema kweli kuhusu mchwa, na fundi amesema kweli kuhusu mkaratusi, ila kila mmoja amekueleza nusu ya habari. Uzio unaoutaka unawezekana kabisa hapo Bahati, tena kwa miti inayoota papo hapo. Lakini kudumu kwake kunategemea mahali ambapo kwenye picha hapaonekani: pale nguzo inapokutana na uso wa udongo, shubiri moja juu na shubiri moja chini. Pesa zako ziende hapo kwanza. Ufito ukioza utauchomoa na kupenyeza mwingine kabla ya chai ya saa nne. Nguzo zikioza, unachimba upya shamba zima.

Ukibahatika kuona nguzo kuukuu iking'olewa, itazame vizuri. Sehemu ya chini kabisa, iliyokuwa ndani sana, mara nyingi bado ni ngumu. Sehemu ya juu imegeuka rangi ya majivu, lakini ukiigonga inalia. Katikati, pale udongo ulipoishia, kisu kinazama bila kulazimishwa. Kinachoozesha mti ni kuvu, na kuvu anahitaji maji na hewa kwa pamoja. Chini sana maji yapo lakini hewa ni haba. Juu hewa ipo lakini jua hukausha mti baada ya kila mvua. Usawa wa udongo ndipo vyote viwili hukutana mwaka mzima, na ndipo mchwa naye huanzia, kwa sababu mti uliolainika kwa kuvu ni rahisi kwake kuutafuna. Kwa hiyo kila utakachofanya, kuanzia kuchagua mti hadi kushindilia udongo, jiulize kama kinasaidia shubiri hizo mbili kubaki kavu.

Kabla ya nguzo, mpaka. Usichimbe shimo hata moja kabla hujaziona bikoni zako zote, yaani alama za mpimaji kwenye kona za shamba, kwa macho yako. Bikoni ikiwa imefukiwa au imepotea, mwite mpimaji mwenye leseni aje airudishe. Usikubali mtu akuonyeshe kwa kidole tu. Kusogeza au kung'oa bikoni ni kosa la jinai nchini. Jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba, isipokuwa mipaka iwe imethibitishwa rasmi na kuandikwa kwenye rejista, ramani ya usajili huonyesha mpaka kwa makadirio. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kuwa na hati halali kila mmoja na bado wakagombania fiti mbili za ardhi. Ugomvi huo huanzia kwa Msajili wa Ardhi, si mahakamani. Mwite jirani, vuteni kamba pamoja kutoka bikoni hadi bikoni, kisha rudisha mstari wa nguzo zako ndani ya upande wako kwa fiti moja hivi. Fiti hiyo moja itakufaa hata siku ya kukarabati, maana utafanya kazi ukiwa kwako. Upande wa barabara, hakikisha huingii kwenye ardhi ya hifadhi ya barabara. Wenye vijito nyuma ya shamba nao wakumbuke kwamba ukingo wa maji una hifadhi yake, nayo haipungui mita 6.

Sasa mti. Uzio uliouona kwenye picha ulizaliwa mahali penye miti ya aina fulani. Wakulima wa Marekani walikuwa na msitu mwingi na misumari michache, na walikuwa na mti uitwao chestnut ambao nyuzi zake zimenyooka, unapasuka kwa kabari, na moyo wake hauozi upesi. Ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa New York mwaka 1904 uliiangamiza karibu miti hiyo yote, na tangu hapo wakategemea zaidi mierezi ya kwao na mialoni. Kwetu mti wa kufanana nao kwa tabia ni mtarakwa, ambao mafundi wengi wanauita sida. Mashamba ya zamani ya Molo, Njoro na Mau Narok yalizungushiwa nguzo za mtarakwa zilizopasuliwa kwa kabari, na sababu ni hiyo hiyo: nyuzi zilizonyooka, na moyo mwekundu wenye mafuta ambayo mchwa hayapendi.

Lakini sikushauri uutafute mtarakwa, Mwalimu. Ni mti wa asili unaokua polepole sana, na ule unaouzwa usiku kwa bei ya kutupa unatoka msituni kwa njia isiyo halali. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ingawa katazo hilo lilitangazwa kuondolewa Julai 2023, misitu ya asili haikufunguliwa kwa kila mwenye shoka. Muuzaji akikuletea nguzo za mtarakwa, mwombe karatasi za kuonyesha zilikotoka na kibali cha kusafirisha cha Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS. Asipokuwa nazo, mwache aende zake. Ukikuta mtu anabomoa ua wa babu yake na anauza nguzo kuukuu za mtarakwa, hapo ni sawa. Nunua, kata sehemu iliyoliwa, na kinachobaki bado kitakutumikia. Usizichanganye na nguzo kuukuu za stima zinazouzwa pembeni mwa barabara. Zile ni mali ya kampuni ya umeme, na anayenunua mali ya wizi hushtakiwa pamoja na mwizi.

Kwa nguzo zako, basi, chukua mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo huingizwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma na dawa ikasukumwa kwa shinikizo mpaka ikapenya, na ndiyo maana nguzo hutoka na ile rangi ya kijani. Dawa hiyo huingia vizuri kwenye mti mweupe wa nje, na moyo wa mkaratusi hauikubali karibu kabisa. Kwa hiyo nguzo iliyotibiwa ni gamba lenye dawa lililozunguka moyo usio na dawa, na ukilivunja gamba hilo popote, umewafungulia mchwa mlango.

Hapa ndipo picha yako na dawa vinagongana. Ukinunua nguzo ya kijani kisha ukaitoboa matundu matatu makubwa ya kupenyeza fito, umefungua moyo mara tatu. Ukiipasua katikati ndiyo umeharibu zaidi. Ziko njia mbili. Ya kwanza, ambayo ningeichagua mimi: nunua nguzo mbichi, zimenye maganda, zikauke, zitobolewe matundu yote, ndipo zipelekwe kutiwa dawa. Ulizia viwanda vya nguzo vya Nakuru na Molo kama vinapokea nguzo za mteja. Ya pili: nunua zilizotibiwa tayari, usizitoboe matundu makubwa, na fito zako uzifunge kwa boliti ndefu au misumari ya inchi 6 iliyopakwa zinki. Hautakuwa uzio usio na msumari kama wa picha, lakini ukiwa hatua kumi barabarani hutaona tofauti. Kila tundu la boliti lipakwe dawa ya mbao kwa brashi kabla ya boliti kuingia.

Unaponunua, usiamini rangi. Mwombe muuzaji akate nguzo moja katikati kwa msumeno mbele yako, hata kama itabidi uilipie. Utaona duara: pembeni kijani, ndani rangi ya mti. Kijani kikiwa kimeingia kote kwenye mti mweupe, nunua. Kikiwa ni rangi ya juu juu kama unene wa kucha, hiyo nguzo ilichovywa tu, haikutibiwa. Chagua pia zilizokauka kabla ya kutiwa dawa. Nguzo iliyotibiwa ikiwa na majimaji hupasuka baadaye juani, na ile nyufa hufika hadi ndani pasipo dawa. Ukilazimika kukata urefu, ncha iliyokatwa ielekee juu, kamwe isiingie ardhini. Vipande vinavyobaki visiwe kuni. Moshi wake una aseniki, na hata majivu yake ni sumu kwa kuku wako.

Najua utaambiwa upake oili chafu ya gari, au uchome ncha za nguzo moto. Oili chafu haipenyi mti. Inakaa juu juu, mvua za msimu mmoja au miwili zinaiosha, na inakoenda ni kwenye udongo wa mboga zako na pengine kisimani. Kuchoma nako kuna mantiki yake, kwa kuwa mchwa hali makaa, lakini lile tabaka la makaa ni jembamba na moto huohuo huacha nyufa zinazompitisha mchwa hadi kwenye mti mzima. Jivu linalomwagwa shimoni linasaidia mpaka mvua ya kwanza kubwa. Sisemi wazee walikosea. Wao walichoma ncha za mtarakwa, na mtarakwa ungedumu hata bila moto.

Msomaji wa Kakamega, Vihiga au Busia asiye na kiwanda karibu ana mti mwingine wa kufikiria: ule ambao Waluhya wanauita lusiola na Wajaluo siala. Mchwa wa huko ni wakali kuliko wa Bahati, na mti huo unastahimili vizuri kuliko mkaratusi usio na dawa. Tena huota upya kwenye kisiki, kwa hiyo anayekata leo ana za kubadilisha baadaye.

Kwa fito mambo ni rahisi zaidi. Ufito haugusi udongo, hukauka baada ya mvua, na kondoo wanapoutafuna ni heri usiwe na dawa. Mkaratusi, saipras au mgrevilia wa mipakani hapo Bahati, wote wanafaa. Mgrevilia hupasuka vizuri lakini mchwa wanaupenda mno, kwa hiyo usiulaze chini hata usiku mmoja. Saipras chagua uliopogolewa ukiwa mchanga, kwa sababu kila tawi lililoachwa ni kifundo, na kabari haivuki kifundo bila ugomvi.

Kupasua magogo ni kazi ya ufundi, na ninataka usimame hapo uone inavyofanywa badala ya kuletewa fito tayari. Kwanza mti wenyewe. Tazama mti mkavu au kisiki cha zamani katika shamba unakonunua. Nyufa zikishuka moja kwa moja, miti ya hapo ina nyuzi zilizonyooka. Zikizunguka shina kama mtu anayesokota kamba, tafuta shamba lingine, maana mkaratusi uliosokotwa utakupa fito zilizopinda zisizoingia tundu lolote. Miti ikatwe kiangazi, Januari au Februari, na ipasuliwe ikiwa mibichi, wiki hiyo hiyo. Mkaratusi mbichi unaitikia kabari. Ukishakauka unakuwa chuma. Maganda nayo yatoke siku ya kukata, yakiwa bado yanavulika kwa panga kwa vipande virefu. Ukiyaacha yanang'ang'ania, na chini yake wadudu wanazaliana.

Gogo la fiti 9 likishalazwa juu ya magogo mawili madogo, fundi anatazama uso wa ncha yake. Daima kuna ufa mdogo wa asili unaopita kwenye kiini. Kabari ya kwanza ya chuma inawekwa kwenye ufa huo na kugongwa kwa nyundo kubwa mpaka gogo litoe ule mlio wa kupasuka. Kisha asiendelee kugonga hapo hapo. Ufa unakimbia ubavuni, na kabari ya pili inaingizwa ubavuni mbele ya ya kwanza. Ya kwanza inalegea, inatolewa, inaruka mbele ya ya pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa gogo. Nyuzi zinazobaki zimeshikana katikati zinakatwa kwa shoka. Kabari za mti mgumu, alizochonga mwenyewe, zinasaidia kushikilia ufa wazi. Daima gogo ligawanywe katikati, kisha kila nusu katikati tena. Anayejaribu kuchopoa ufito mwembamba ubavuni mwa gogo nene ataona ufa ukitoroka kuelekea upande mwembamba na ufito unaishia kuwa kijiti. Ufa ukianza kutoroka, upande mnene ndio unaokandamizwa au kupindwa, nao ufa utarudi katikati. Gogo lenye kipenyo cha inchi 8 hutoa fito nne. La inchi 12 likiwa na tabia nzuri hutoa nane.

Mwambie fundi avae miwani. Kabari iliyogongwa sana kichwa chake huchanua, na vile vipande vya pembeni hurukia jicho. Kichwa kinolewe kwenye mashine mara kikianza kuchanua. Na kisogo cha shoka kisitumike kugonga kabari ya chuma, shoka litapasuka kwenye mpini. Fito zikishapasuliwa, zipangwe juu ya vipande vya mti, mbali na ardhi, kivulini, hewa ikipita kati yake.

Sasa hesabu ya shamba lako. Mzunguko ni fiti 600. Toa fiti 12 za lango, zinabaki 588. Ukiweka nguzo kila fiti 8, pande mbili ndefu zina nafasi 25 kila moja, nyuma panaingia nafasi 13 fupi kidogo, na mbele 11. Jumla nafasi 74, kwa hiyo nguzo 75. Kati ya hizo, nne za pembeni na mbili za lango ziwe nene, inchi 7 au 8, urefu fiti 8. Zile 69 zinatosha kuwa inchi 5 hadi 6 na urefu wa fiti 7. Kama utazitoboa, usishuke chini ya inchi 6, maana tundu linakula mti wa katikati. Fito tatu kila nafasi ni 222. Agiza 240, kwa sababu zipo zitakazokataa. Fundi akikuletea hesabu iliyo mbali na hii, mwambie aieleze mbele yako.

Kondoo wako ndio wanaonifanya niseme fito tatu. Mbili zingetosha kama uzio ungekuwa wa kupendeza macho. Nguzo ya fiti 7 izame fiti 2 na nusu, ibaki fiti 4 na nusu juu. Ufito wa juu uwe fiti 4 kutoka ardhini, wa chini fiti 1, wa kati ugawanye nafasi. Mwanakondoo bado atapita, na kuku hawatajua hata kama kuna uzio. Kwa hao, pigilia waya wa kuku upande wa ndani, kuanzia ufito wa kati kushuka, na ukunje inchi 6 za mwisho zilale juu ya udongo kuelekea ndani ili asiyekuwa na haya asichimbe. Kutoka barabarani waya huo hauonekani sana. Siku ukiongeza mbuzi, niandikie tena, kwa maana mbuzi huugeuza uzio huu ngazi. Ng'ombe naye huuegemea na kujikuna, akauangusha taratibu, na dawa yake ni mstari mmoja wa seng'enge upande wa ndani kwenye usawa wa kifua chake.

Tundu la nguzo, kama utakwenda kwa njia ya kutoboa, liwe upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 5 au 6. Hutobolewa kwa keekee matundu ya duara yanayofuatana juu na chini, kisha patasi inasafisha katikati. Ncha za fito huchongwa kwa shoka ziwe bapa, na ndani ya tundu ncha ya ufito huu hulalia ncha ya ule wa pili, kila moja ikiingia inchi 6. Nguzo za pembeni hutobolewa pande mbili zinazokutana, na za lango hutobolewa nusu tu, zisitokeze upande wa pili.

Ukielewa hivyo utaona kwa nini huwezi kupanda nguzo zote kwanza kisha ukaja na fito. Hazitaingia. Inapandwa nguzo ya kwanza na kushindiliwa, ya pili inasimamishwa shimoni ikiwa legevu, fito tatu zinapenyezwa, nguzo ya pili inasukumwa mpaka ncha zimekaa, timazi inaangaliwa, ndipo inashindiliwa. Kisha ya tatu. Fundi anayetaka kulipwa kwa idadi ya mashimo atataka kuchimba yote 75 siku ya kwanza. Mzuie, kwa sababu nafasi hubadilika kidogo kwa kila ufito, na mashimo yaliyokaa wazi hujaa maji na kubomoka.

Mteremko usikutishe. Nguzo zote zisimame wima kwa timazi hata pale ardhi inapoteremka, na fito ndizo zifuate mteremko. Matundu yenye urefu wa inchi 6 yanaruhusu ufito kuinama kidogo bila kukwama.

Kuhusu zege, hapa sikubaliani na fundi wako. Zege likimwagwa kuzunguka nguzo na chini yake, linakuwa kikombe. Mti hukauka na kunywea kidogo, nafasi nyembamba inabaki kati yake na zege, mvua inaingia humo na haina pa kutokea. Umejenga kwa pesa zako mwenyewe ile hali ya maji na hewa niliyoieleza. Weka zege kwenye nguzo mbili za lango tu, kwa sababu zinabeba uzito unaoning'inia. Hata hapo, chini ya nguzo uweke kokoto inchi 4 ili nguzo isimame juu ya kokoto na maji yapenye, na zege liishie juu ya usawa wa ardhi likiteremka pande zote kutoka kwenye mti.

Nguzo 73 zilizobaki ni udongo na mtaimbo. Chimba shimo jembamba kadiri mkono unavyoruhusu, weka kokoto kidogo chini, simamisha nguzo. Rudisha udongo kwa tabaka za nusu fiti na kila tabaka ishindiliwe kwa kisogo cha mtaimbo mpaka mtaimbo uanze kurudi mkononi. Wengi hujaza shimo lote kisha wanakanyaga juu kwa viatu, na nguzo inacheza kabla ya Krismasi. Tabaka mbili za chini kabisa ndizo zinazoshika nguzo. Udongo wa upande wa Nakuru wenye asili ya majivu ya volkano ni mwepesi. Ukiona haushikani, changanya na maramu na mawe madogo. Huko uwanda wa Kano, Kisumu, tatizo ni kinyume: udongo mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukiisukuma nguzo huku na huku, kwa hiyo ule uliotoka shimoni usirudi, jaza maramu na uzame fiti 3. Unapomaliza, udongo uinuke kidogo kuzunguka nguzo ili maji yakimbie. Na kichwa cha nguzo kikatwe mshazari kabla ya kutiwa dawa, maji yasisimame juu yake.

Halafu safisha. Kila kipande cha ganda, kila kibanzi kilichochongwa, kitoke shimoni na kitoke kwenye mstari wa uzio. Vibanzi vilivyofukiwa pamoja na nguzo ni mwaliko kwa mchwa, na wakishaimaliza hiyo chakula ya bure wanahamia nguzo. Kama kuna kichuguu shambani au mpakani, kichimbwe mpaka malkia apatikane kabla hujaanza. Kubomoa juu yake tu ni kuwapa kazi ya ukarabati.

Uzio huu hautazuia mwizi, na hilo ni vizuri ulijue sasa. Kama usalama unakusumbua, panda kayaba upande wa ndani, mche kila fiti moja, mvua za Machi zikianza. Itachukua miaka mitatu au zaidi kuwa ua wa kupenya panya tu, na uzio wako utailinda miche isiliwe na mifugo ya barabarani. Ipande fiti 3 kutoka kwenye nguzo na uipogoe, kwa sababu majani yaliyolala juu ya mti huufanya usikauke, na tumerudi kule kule.

Kila mwaka baada ya mvua ndefu, Juni hivi, zunguka na bisibisi. Fukua udongo inchi 6 kwenye nguzo, choma kwa bisibisi, rudisha udongo. Tafuta vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda juu, vikwangue, na urudi baada ya siku chache kuona kama vimejengwa tena. Ukikuta nguzo moja imelainika, usibomoe uzio. Fukua pande zote mbili, ilegeze, isukume kwa ubavu mpaka fito zichomoke upande mmoja, ing'oe, safisha shimo hadi udongo mpya, na usimamishe nyingine pale pale ukipenyeza fito zile zile. Watu wawili wanaifanya asubuhi moja. Kwa hiyo unapoagiza nguzo zako 75, agiza na nne za akiba kutoka kiwanda hicho hicho, zilizotobolewa kwa vipimo hivyo hivyo, na uzihifadhi zimesimama kwenye kokoto chini ya paa.